Koti la Mzee Methodi na Mkasi wa Kidato cha Pili

Maguu, 12 Februari 1995

Binamu Valeriani,

Habari za joto la ziwani? Huku ukungu unaingia darasani asubuhi na kukaa dawati la mbele bila kuitwa jina. Mpe Shangazi Benadetha shikamoo yangu, umwambie kifua kimepona. Ile dawa yake ya majani niliinywa yote, ingawa ilikuwa na ladha ya mtumbwi.

Nina shida. Tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waruhusiwe kuja huku, wazazi wanalipwa fedha mkononi na watoto wao wamepata wazimu wa nguo. Siku ya mnada wanashuka na fulana wanarudi na jaketi. Wananunua suruali pana ambazo familia nzima inaweza kulala ndani, wanavaa wiki chache, wanatupa. Kuna kijana wa kidato cha pili anaitwa Othmar. Jaketi lake lilikufa zipu njiani kabla hajafika bwenini, akalitupa kwenye shimo la takataka na kurudi mnadani kununua lingine. Nilipomuuliza kwa nini hakubadilisha zipu, alinitazama kana kwamba nimemwambia afufue maiti.

Hawa walikuwa wachanga ile miaka ambayo dukani kulikuwa na rafu tupu na wewe ukaenda shule na kaptula ya gunia la sukari. Hawakumbuki kitu. Basi nimeamua, kwa vile mimi ndiye mwalimu wa Sayansi Kimu, niwafundishe kufumua, kugeuza kola, kutia viraka, na zaidi ya yote kujiuliza kabla ya kununua. Ila sina nguo za kujifunzia. Wewe unayefungua marobota ya mitumba hapo sokoni, naomba zile usizoweza kuuza: zilizochanika, zenye madoa, zilizokosa mkono.

Sina jingine.

Tadea

*

Mbamba Bay, 3 Machi 1995

Mtani wangu mpenzi, Mwalimu Mkasi,

Barua yako ilisafiri ndani ya mfuko wa maharage, nayo imefika na wadudu wazima ambao tumewapokea kama wageni wa ukoo. Mama anakusalimu. Goti limepata nafuu, mdomo haujawahi kuugua. Dagaa wetu wa usipa ni wengi mwezi huu mpaka paka wa jirani amenenepa na kuanza kuringa.

Unaandika kwamba huna jingine. Unalo, na unalijua, na linaning'inia kwenye msumari sebuleni kwetu.

Nikukumbushe maana elimu nyingi husahaulisha. Nyumbani kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu, na ile kubwa huchukuliwa na mtoto wake. Anaivaa mbele ya watu, matanga yanaanuliwa, maisha yanaendelea. Nguo za baba yako ziligawiwa zote. Kofia ilipata kichwa, mashati yalipata migongo, hata zile soksi ambazo panya walizikataa zilipata mwenyewe. Limebaki koti, nalo ni lako, mtoto pekee. Wewe uliondoka siku ileile ya maziko bila hata kunywa uji. Sasa Mama anasema kwa kuwa koti halijavaliwa, matanga hayajaisha. Na kwa kuwa matanga hayajaisha, yeye havui nguo nyeusi. Na kwa kuwa havui nguo nyeusi, hakuna harusi katika nyumba hii. Harusi yenyewe ni yangu. Juzi Scolastika aliniuliza kama nimepanga kumuoa au kumzika.

Najua kilichokukasirisha. Nilivaa lile koti makaburini, nikaweka mikono nyuma, nikakohoa kikohozi cha Mjomba Methodi, nikamwambia katekista mahubiri yake ni marefu kuliko maisha ya marehemu. Kisha nikamalizia kama alivyokuwa akimaliza kila alipomsema mtu hadi akamtoa jasho: "Mimi sijasema kitu." Wachimba kaburi waliangusha majembe kwa kucheka. Tadea, mimi ni mtani wake, mtoto wa dada yake. Hiyo ndiyo kazi yangu kwenye msiba. Ningekaa kimya siku ile, watu wangesema sikumpenda, na nilimpenda.

Gunia la nguo mbovu nimelipakia kwenye lori la mahindi. Ni la bure. Kuna gauni humo lina matundu mengi kuliko wavu wa Wendelin mvuvi.

Njoo uchukue koti lako.

Valeriani

*

Maguu, 21 Aprili 1995

Binamu,

Tumshukuru Mungu sote tu wazima. Mvua imetushika vizuri, mahindi yamesimama kwenye matuta ya ngolo kama askari wa gwaride, na mimi nimepata viatu vya mpira ambavyo vinanifanya nitembee kama bata. Shikamoo kwa Shangazi. Gunia limefika, asante sana.

Ungeona somo letu ungelia kwa ajili ya biashara yako. Nimemwaga nguo zote mezani nikawaambia wasitazame rangi wala maandishi ya kifuani. Shika kwapa, vuta. Geuza nje ndani, tazama mshono. Inua juani uone kitambaa kimebaki au ni kumbukumbu tu. Kisha jiulize nyumbani unazo ngapi zinazofanya kazi hiyohiyo. Othmar ameliokoa jaketi lake shimoni, amelifua, ametia zipu ya gauni la waridi, na sasa analivaa akitembea katikati ya barabara ili watu wapishe.

Nasma, binti wa Mzee Masoudi mwenye duka la vitambaa Mbinga mjini, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, watu wote wakishona viraka, baba yangu atakula nini?" Nikamwambia baba yake auze uzi. Akafikiri, akasema uzi una faida ndogo. Huyo atafika mbali.

Nimeandika sheria ubaoni na sasa shule nzima inaiimba: NGUO ISIYOVALIWA MWAKA MZIMA INAINGIA MKASI. Maana hakuna uchoyo mbaya kama wa kuweka nguo nzima sandukuni ilhali mtu ananunua nyingine. Wanafunzi wamewafungulia wazazi masanduku. Mkuu wa shule, ambaye ana suti aliyovaa mara moja tu, ametuomba tusikaribie nyumba yake.

Kuhusu lile jambo jingine, barabara ni mbovu sana.

Tadea

*

Mbamba Bay, 9 Julai 1995

Kwako mharibifu wa biashara,

Natumaini baridi ya huko imekukumbusha kwamba una koti mahali fulani. Huku ziwa limetulia, mihogo imekauka vizuri, na Mama amegombana na jumuiya nzima ya akina mama wa kanisani kuhusu nani apike maharage. Ameshinda, sasa anajuta kwa sababu ndiye anayepika.

Sikiliza ulichonifanyia. Wanafunzi wako wa huku mwambao wamerudi likizo. Nilifungua robota Jumamosi, mali nzuri, wateja wamejaa. Wakaja wanne, wamevaa viraka vyao kama nishani. Wakaanza kuvuta makwapa. Kra! Kra! Binti mmoja akaliinua gauni juani mbele ya mama mtu mzima aliyekwisha kutoa pesa, akasema kwa sauti ya ualimu, "Shikamoo mama. Hili halifiki Krismasi." Mama akarudisha gauni. Wateja wote nao wakaanza kuvuta. Soko zima lilisikika kama vile mbwa wanagombania mkeka. Hata Scolastika siku hizi hanitazami usoni mpaka ageuze kwanza kola yangu.

Nimecheka, lakini nilipofika nyumbani sikucheka. Unakumbuka Mjomba alivyokuwa akiniita? "Muuza nguo za maiti." Nilimletea leso safi siku alipopata mafua, akaishika kwa ncha za vidole akanirudishia, akasema yeye hafi mara mbili. Alivaa koti lile moja la sufu maisha yake yote, hata hapa ambapo mbuzi wanatafuta kivuli. Jasho linamtiririka, anasema upepo ni mkali. Alinidharau mbele ya watu, nami bado nilimvalia koti lake na kumkohoa vizuri kuliko alivyojikohoa mwenyewe.

Barabara sasa ni kavu. Umebakiza sababu gani? Mama anazeeka na weusi wake. Scolastika amepata mchumba mwingine, mwenye baiskeli, ambaye bado hajamkubali wala hajamfukuza.

Nakutumia gunia la pili. Lifungue mwenyewe.

Valeriani

*

Maguu, 17 Septemba 1995

Valeriani,

Nimelelewa vizuri, kwa hiyo nakusalimu kwanza. Hujambo. Shangazi shikamoo. Kahawa imeiva, wanafunzi nusu wako mashambani kuchuma, mimi ni mzima wa mwili. Salamu zimekwisha. Wewe ni mshenzi.

Hukuandika gunia lina nini. Uliandika nilifungue mwenyewe, nami siku hiyo nilikuwa ofisini nikimtuliza mzazi ambaye mapazia yake yamegeuzwa kaptula. Nikawaambia watoto waanze bila mimi. Niliporudi, kundi la Nasma lilikuwa limetandaza koti mezani kifudifudi, mikono imenyooshwa pande zote, na mkasi ulikuwa umekwisha kufumua bitana ya bega la kushoto.

Nilipiga kelele "Acheni!" mpaka darasa la jirani likaacha.

Watoto wote wakanitazama. Nasma akauliza kwa adabu, "Mwalimu, hili lina nini?" Nikasema hili hapana. Akauliza lilivaliwa lini mara ya mwisho. Na pale nyuma yangu ubaoni, Valeriani, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa herufi kubwa, ilikuwepo sheria. Nikahesabu moyoni: toka maziko ya Novemba mwaka haujatimia. Nikawaambia mwaka haujatimia. Othmar akasema, "Basi livae, Mwalimu, lipone." Nimewasema watoto hawa miezi yote hii juu ya nguo za watu waliokufa Ulaya, kwamba nguo haina kosa, ivae, imalize, ilhali nimeliacha koti la baba yangu mwenyewe kwenye msumari wa watu.

Nilitaka kulichukua nilifungie. Lakini bitana ilikuwa imeshafumuliwa, na ndani nikaona kitu. Baba alivaa koti la rangi ya majivu, sivyo? Kila mtu anajua. Ndani ni buluu. Buluu iliyokoza, nzuri, kama vile haijawahi kuona jua. Nimeishi na lile koti toka nazaliwa na sikuijua rangi yake.

Nikakaa. Nikawaambia, haya, leo tunageuza koti. Tumelifumua lote kwa nyembe, mshono kwa mshono, kola, mifuko, mikono, ili upande wa ndani uje nje. Ilituchukua vipindi vingi na mkuu wa shule alilalamika kwamba Hisabati inaliwa na koti. Watoto wanashona kwa mkono, kwa uzi wa Mzee Masoudi ambao Nasma alituuzia kwa faida yake ndogo. Na unajua kinachotokea koti la mwanamume likigeuzwa? Vifungo vinahamia upande wa pili. Linafungwa kama la mwanamke, yaani kama langu. Sikulipanga hilo, ndivyo kitambaa kinavyotaka.

Sasa swali, na umwulize Shangazi taratibu. Tulipofumua mabega na mgongo tulikuta matundu ya sindano ya zamani, mistari mizima, mbali na mishono tuliyoifumua. Koti lile lilikatwa na kupunguzwa. Lilikuwa la mtu mkubwa sana, mrefu, mwenye mabega ya mlango. Baba alikuwa na mabega ya kuku. Lilikuwa la nani?

Na kwa kuwa umeuliza sababu iliyobaki, ni hii. Si kwamba ulimcheka. Pale makaburini nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilikuona kwa mgongo, koti lile, mikono nyuma, halafu kikohozi. Nilidhani ameamka. Nilifurahi, Valeriani. Nilifurahi kabisa, nikapiga hatua. Kisha ukageuka ukawa wewe. Ndiyo maana sikunywa uji wenu.

Tadea

*

Mbamba Bay, 8 Oktoba 1995

Binamu yangu Tadea,

Upepo wa ziwa umechafuka, wavuvi wamelala ndani, samaki hakuna, na paka wa jirani amepunguza maringo. Sisi tu wazima.

Barua yako nimeisoma peke yangu kwanza. Yale ya mwisho nimeyasoma tena na tena na sina mzaha wa kuyajibu, jambo ambalo halijawahi kunipata. Nisamehe kwa kugeuka.

Sasa Mama. Nilimsomea habari za matundu ya sindano. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha. Akatazama ungo muda mrefu, nikadhani ameona jiwe. Kisha akaanza kucheka, Tadea. Mama, ndani ya nguo nyeusi, alicheka mpaka mchele ukamwagika na kuku wakafaidi.

Koti lilikuwa la padri mmoja Mzungu, jitu refu, aliyefariki huko juu Mbinga zamani, wakati baba yako ni kijana anapima kahawa kwenye ghala la ushirika. Nguo za padri ziligawiwa maskini. Mjomba alipata koti. Lilimfika kwenye kifundo cha mguu. Mama, akiwa bado msichana, ndiye aliyelipunguza kwa sindano, kwa siri, na Mjomba akamwapisha asiseme kwa mtu. Alilivaa siku aliyokwenda kumposa mama yako. Wakwe walidhani limeshonwa kwake.

Yaani Mjomba wangu, aliyeirudisha leso yangu kwa ncha za vidole, alitembea maisha yake yote ndani ya nguo ya maiti! Ya maiti wa Kizungu! Mimi nikiuza kafa Ulaya, yeye alivaa kafa Mbinga!

Nilimuuliza Mama kwa nini alinyamaza miaka yote nikitukanwa. Akajipangusa macho kwa kanga nyeusi, akaweka mikono nyuma, akakohoa, akasema, "Mimi sijasema kitu." Dada yake ni dada yake. Anamkohoa kuliko mimi.

Nilipotulia sikuwa na hasira tena. Nimeona kwamba alinisema kwa sababu aliniogopa. Kila nilipofungua robota, alikuwa anaona koti lake.

Mama anasema ukija ukiwa umelivaa, anavua nyeusi hapohapo. Scolastika amemwambia yule wa baiskeli aendelee na safari, ila ameniambia pia nisimzoee.

Njoo.

Valeriani

*

Maguu, 12 Novemba 1995

Mtani wangu,

Shikamoo nyingi kwa Shangazi, na mwambie mkono wake wa usichana ulikuwa mzuri. Mishono yake ilitusumbua kuliko yote. Huku mitihani inaendelea na shule imetulia. Mkuu wa shule aliivaa ile suti yake jana, mara ya pili. Watoto walimpigia makofi.

Barua yako ilifika siku ambayo koti lilikuwa limekamilika. Niliwasomea darasani habari ya padri na mabega yake. Nilidhani watacheka. Badala yake Nasma akaanza kuorodhesha kwa vidole: padri, kisha baba wa Mwalimu, kisha Mwalimu. Akasema kitambaa hiki kimemaliza watu wawili na bado kinatafuta wa tatu. Nikamwambia achunge mdomo.

Wakanishikia nilivae. Mikono ni mirefu kidogo. Nikafunga vifungo upande wangu. Asubuhi ile kulikuwa na baridi na ukungu umeshakaa dawati lake la mbele, nami nikasikia joto mgongoni ambalo sikuwa nalo toka tulipomzika. Othmar alikuwa nyuma anachezea zipu yake ya waridi, juu, chini, juu, chini. Nikasikia mtu anakohoa. Kumbe ni mimi. Mikono yangu ilikuwa imeshakwenda nyuma yenyewe. Nikatembea mpaka kwenye dawati lake nikamsema, Valeriani, nikamsema juu ya zipu, juu ya jaketi alilolitupa, juu ya uvivu, juu ya wazazi wanaochuma kahawa kwenye ukungu, juu ya upepo ambao ni mkali, mpaka kijana akatokwa jasho katika baridi ile. Kisha nikasema ile ya mwisho ya Baba.

Hawamjui baba yangu, hakuna hata mmoja aliyemwona. Walicheka mpaka wakalala juu ya meza. Nami nikacheka nao, kisha nikalia, wakadhani ni sehemu ya somo.

Desturi inasema hiyo ni kazi ya mtani, mtoto hapaswi. Uniwie radhi kwa kuiba kazi yako, lakini usiniombe niirudishe.

Nashuka tukifunga shule mwezi ujao. Nitakuja nimelivaa njia nzima, na ninajua kwamba tukianza kuteremka kuelekea ziwani nitaloa jasho na abiria watanishangaa. Nitawaambia upepo ni mkali. Shangazi aandae nguo yoyote isiyo nyeusi. Mimi nitakunywa ule uji niliouacha.

Na mwambie Scolastika kwamba gauni la harusi si lazima liwe jipya, ila alivute kwapa kabla ya kulilipia, hasa kama anayeuza ni bwana harusi.

Mimi sijasema kitu.

Tadea